Hasira ya Wengi Ikiandikwa Daftarini

Asubuhi moja, katika kijiji kilicho mteremkoni mwa Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, nilikuta akina mama wameketi juu ya ndoo tupu mlangoni mwa ofisi ya mtendaji. Bomba lilikuwa kavu na michango ya maji ilikuwa imeshalipwa. Vijana walitaka kuvunja kufuli la ofisi. Bibi mmoja akafungua kanga na kutoa daftari la shule la mjukuu wake. Ndani yake kulikuwa na tarehe za siku zote ambazo maji hayakutoka, kila moja kwa mkono wake. "Tumsomee hizi," alisema.

Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo ya jamii tumezoea kuwahimiza watu watulie. Mimi naona utulivu mwingine ni woga tu. Watu wakikasirika pamoja, kila mmoja hugundua kwamba shida yake si mkosi wa nyumbani kwake.

Wameru wanalijua hili. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kupisha mashamba 13 ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Watu walikataa fidia, wakachangishana fedha, wakamtuma Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, hadi New York. Alisimama pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 malalamiko yao yalisikilizwa na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi zilizo chini ya udhamini kama Tanganyika, kisha yakafika Baraza Kuu, ambako azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura.

Ardhi haikurudi siku ile. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka nchini akisimulia, na watu wa mikoa ya mbali wakasikia kwamba mtawala anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa Julai 1954, na Machi 1955 kiongozi wake, Nyerere, naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini.

Hasira inayotafuta mtu wa kupiga ni jambo jingine. Mtuhumiwa wa wizi anapochomwa tairi sokoni, hakuna kinachobadilika isipokuwa idadi ya makaburi. Hasira ya Wameru ilikuwa na dai moja, mchango, mjumbe na mahali pa kulipeleka.

Mahali hapo leo pako karibu kuliko New York. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Ulizeni mapato na matumizi. Jibu lisiporidhisha, msipige makofi. Dai liingie kwenye muhtasari, nanyi mbaki na nakala.

Bibi yule alisoma tarehe moja baada ya nyingine, taratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipofika ya nane, mtendaji alivuta kiti, akaomba kalamu.