Kabla ya kuomba kozi ya Asia Mashariki, kisome cheti chako

Dirisha la udahili likifunguliwa, malalamiko huanza, na msimu huu yamezidi: "Nimekataliwa na cheti ninacho!" Sisi tunaopokea maombi hatuna shaka na nia ya waombaji. Tatizo ni kwamba wengi hawajakisoma cheti chenyewe cha lugha.

Chukua JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, wenye ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu. N2 ina alama 180 na hufauliwa kwa 90. Lakini alama hizo zimegawanywa katika sehemu tatu za alama 60 kila moja: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza. Kila sehemu lazima ifikie angalau 19. Aliyepata 55, 50 na 18 ana jumla ya 123, na amefeli. Kutuandikia barua tatu za rufaa hakuiongezi ile 18. Na simu ikilia chumbani wakati wa mtihani, kadi nyekundu hutolewa: unatoka na matokeo hupati.

Muda nao una sheria. Matokeo ya TOPIK, mtihani wa Kikorea, hutumika miaka 2 tangu kutangazwa. Ya HSK, mtihani wa Kichina, kwa anayeomba vyuo vya China, ni miaka 2 tangu siku ya mtihani. Cheti cha JLPT hakiishi muda, ingawa chuo kinaweza kudai cha karibuni. Jina lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti cha kughushi kikigundulika, udahili hufutwa hata kama umeshaanza masomo.

Halafu kuna wanaosema lugha hizi tatu ni kitu kimoja. Hapana! Mjapani akiandika 手紙 anamaanisha barua; Mchina akizisoma alama hizohizo anaona karatasi ya chooni. Kijapani kiliazima maandishi kutoka Kichina, hakikuazima sarufi: kitenzi chake hukaa mwisho wa sentensi. Kikorea nacho hufanya hivyo, ila kina alfabeti yake, Hangul, aliyoitangaza Mfalme Sejong mwaka 1446. Herufi zake za msingi ni 24, mtu huzishika kwa siku chache, kisha akadhani kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ni historia na jamii, masomo ambayo wanafunzi huyakwepa. Ukitaka kuelewa kwa nini China bara huandika kwa alama zilizorahisishwa ilhali Taiwan na Hong Kong wamebaki na zile za zamani, kamusi haikusaidii. Itabidi usome siasa za miaka ya 1950.

Mwisho, usaili wa mdomo. Mwenye N1 akiitwa huona ametuhumiwa. Hajatuhumiwa. JLPT haina sehemu ya kuzungumza wala ya kuandika insha. Mtahiniwa huchagua majibu tu. Sauti yako bado hatujaisikia. Njoo na cheti halisi, si nakala.