Mzio wa karanga shuleni: uji wa saa nne na sindano iliyofungiwa ofisini

Mzazi akiniambia shuleni kwa mwanawe hawapiki karanga, huwa namuuliza: uji wa saa nne unapikwa kwa unga gani? Wengi hawajui. Mara nyingi ni unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga, pengine na ngano, vyote vimesagwa pamoja. Kwa macho huwezi kuzitambua karanga humo, na kuchemsha hakuondoi protini inayomdhuru mtoto. Hata shule inayopika dona tupu iulizeni inasaga wapi. Mashine iliyotoka kusaga karanga itaacha mabaki kwenye mahindi yanayofuata.

Ndiyo maana nawaambia wazazi waanze na mpishi, kisha mwalimu mkuu. Mkubaliane sufuria ipi na mwiko upi ni wa mtoto huyo. Muuza kashata wa getini naye amjue kwa sura.

Wenzake wanawe mikono kwa maji na sabuni baada ya kula. Sanitaiza inaua vijidudu, lakini mabaki ya karanga yanabaki vidoleni. Kumkalisha mtoto peke yake sikubaliani nako kabisa. Harufu tu ya karanga ni nadra sana kuleta madhara makubwa. Tatizo ni kile kinachoingia mdomoni. Na mtoto aliyechoka kutengwa ndiye atakayeficha mzio wake ili aonje kashata ya rafiki.

Sasa Piriton, ile dawa ya kutuliza mzio. Karibu kila shule inayo kabatini, na kwa vipele vinavyowasha inasaidia. Lakini midomo na ulimi vikivimba, sauti ikikauka, kifua kikipiga filimbi, mtoto akilegea au akitapika mfululizo baada ya kula, Piriton haitafungua njia ya hewa wala kupandisha presha iliyoshuka. Hapo dawa ni adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje, mara moja.

Kalamu za kujidunga adrenalini ni ghali na hapa kwetu hazipatikani kirahisi, kwa hiyo wengi tunawaandikia ampuli (kichupa kidogo cha dawa) ya miligramu 1 kwa mililita 1, pamoja na bomba dogo la sindano. Kipimo ni mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 20 anapata mililita 0.2. Daktari wake akiandike kwenye karatasi ikae pamoja na dawa, na matroni afundishwe kwa ampuli ya maji. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5, anadungwa tena.

Mlazeni, miguu juu. Akihema kwa shida, akae huku amenyoosha miguu. Msimtembeze kwenda zahanati, hata kama ipo ng'ambo ya barabara: akisimama ghafla presha inaweza kuporomoka. Gari limfuate alipo. Hata akichangamka lazima afike hospitali na akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi.

Dawa yenyewe ikae mbali na jua, si kwenye friji, na isifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu ambaye leo yuko semina na funguo anazo mfukoni.