Mkono unaoumia si ule ulioshika patasi

Tazama mikono ya mafundi wa mbao hapa Mwanza. Anayefanya kazi kwa mkono wa kulia, makovu yake mengi yako kushoto. Mkono wa kulia umeshika mpini, uko nyuma ya makali. Wa kushoto uko mbele, umeshikilia mwiko au taruma, yaani ubavu wa mtumbwi, lisicheze. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia glovu, mimi huuliza swali moja: chombo kikiteleza sasa hivi, kitaishia wapi? Kama ni kwenye kiganja, paja au tumbo, kazi imepangwa vibaya, hata kama mwenyewe ana miaka ishirini kwenye ufundi.

Kinachotakiwa ni kuuondoa mkono pale. Bana ubao kwa jiriwa, kile kibanio cha mezani, au kwa klampu mbili, maana ukibanwa na moja huzunguka. Huna klampu? Pigilia kipande cha ubao mezani, kazi iegemee hapo kila unaposukuma. Sasa mikono yote miwili ikae nyuma ya makali: mmoja unasukuma mpini, mwingine umelala juu ya bapa la patasi kama breki. Chonga kwa kufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume patasi huzama na kukwama, unaongeza nguvu, kisha nyuzi zinaachia ghafla na ile nguvu yote inakosa pa kwenda.

Kitu kidogo kama kijiko hakibaniki, lazima kishikwe. Hapo kisu kisivutwe wala kusukumwa na mkono mzima. Kidole gumba cha mkono ulioshika kijiko ndicho kisukume mgongo wa kisu, sentimita moja au mbili tu kwa kila mkato. Ukichonga kuelekea kwako, kidole gumba cha mkono ulioshika kisu kivalishe kipande cha tyubu ya baiskeli. Ni kinga ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua, na haikuondolei hisia ya kazi.

Halafu kuna makali. Chombo butu hukata watu kuliko kikali, kwa sababu unalazimika kukikandamiza, na kinachokandamizwa hakisimami unapotaka. Mawe tunayo ya kumwaga, lakini usinolee patasi kwenye mwamba. Mawe yetu ni matale, chembe zake ni kubwa na hazilingani, hivyo makali hutoka na meno. Kwa panga la kufyekea sawa. Patasi ipate kinoo cha kweli: upande wa kukwaruza kwanza, kisha upande laini, kwa mteremko wa digrii 25 kwa msonobari na kama 30 kwa mninga au mti mwingine mgumu. Malizia kwa kuifuta kwenye kipande cha mkanda wa ngozi, ukivuta kurudi nyuma. Kupima, kata karatasi hewani. Kidole si kipimo.

Tezo, ile kama shoka lenye makali yaliyokingama, ina tatizo lake: kichwa kulegea. Wengi huitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili mpini uvimbe. Unavimba kweli, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaukausha na kichwa kinacheza zaidi ya mwanzo, kwa kuwa nyuzi zilijibana zilipovimba. Toa kabari ya zamani, weka mpya ya mti mgumu uliokauka. Unapochonga, panua miguu, na usisimame juu ya mstari wa pigo.

Glovu zina nafasi yake: ile isiyokatika kirahisi, mkono wa kushikilia tu. Hupunguza mkato wa kuparaza, lakini ncha ya kisu hupenya. Karibu na keekee ya kutobolea au mashine yoyote inayozunguka, vua, kwani huvuta vidole.

Wanaoshona ngozi waangalie rula. Tumia ya chuma, pana, na kidole gumba kisichungulie ukingoni. Kata mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Msharasi wa kutobolea nao, weka gogo laini chini ya ngozi, kamwe si kiganja. Na chombo chochote kikianguka, kiache kianguke, rudisha mguu.

Ukikatika, vua pete mapema kabla mkono haujavimba. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, si maji ya ziwa, na hakuna majivu, mafuta ya taa wala unga wa betri. Kisha kunja ncha ya kila kidole, na gusa pande zake zote mbili. Kidole kisichokunjika au chenye ganzi huenda kimekatika kano au neva, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la kifungo. Hiyo ni kazi ya hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na kuulizia chanjo ya pepopunda.

Kipande cha kidole kikitoka kabisa, kifunge kwenye shashi yenye unyevunyevu, tia ndani ya mfuko usiopitisha maji, ndipo mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe, inaunguza nyama. Kama uko karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, barafu ya kuhifadhia sangara inatosha.