Harufu ya mafuta ikiisha, sumu bado ipo

Bakteria wanasafishaje udongo uliomwagikiwa mafuta?
Wapo kwenye udongo wa kawaida tu na mafuta ndo chakula chao, ila dizeli ikiwa nyingi wanakosa naitrojeni, fosforasi na hewa. Kwa hiyo unawaongezea samadi iliyooza au mbolea, pumba za mpunga udongo upate kupumua, maji kiasi, halafu unageuza kwa jembe mara kwa mara. Hata meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska 1989, fukwe zilitiwa mbolea kwa kazi hiyo hiyo.

Si nifukie tu na mchanga?
Ukifukia unawanyima hewa bakteria na mafuta yanazidi kushuka kwenda kisimani. Acheni kufukia jamani.

Inachukua muda gani?
Miezi, na oili chafu ya gereji ni ngumu zaidi. Metali zilizomo, kama risasi, bakteria hawazili kabisa, zinabaki palepale.

Nimeweka samadi, harufu imeisha, nipande mchicha?
Hapana. Udongo upimwe kwanza.

Na maji ya kisima hayanuki, tunywe?
Hapana, hapana tena. Benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli, inadhuru kabla pua haijaisikia, kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 0.01 kwa lita na pua inakuja kushtuka ikiwa imeshapita hapo mbali sana. Kule Ogoniland, Nigeria, ripoti ya 2011 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikuta visima vya kunywa vya Nisisioken Ogale vina benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango hicho. Na kuchemsha jikoni mlango umefungwa ndo unaivuta sasa kwa mapafu.

Niende hospitali lini?
Mapema! Tunaowapokea hospitalini wamechelewa, mtu anachoka hovyo, fizi zinatoka damu, homa haziishi, anameza dawa za malaria bila kupima wakati benzini ya muda mrefu inashambulia uboho unaotengeneza damu. Ukifika sema wazi, "nakunywa maji ya kisima kilicho jirani na gereji", maana usiposema hatutajua, na uombe kipimo cha damu kamili.

Mafundi je?
Mikono imekauka, imepasuka mpaka kwenye viungo vya vidole, na bado mtu ananawa petroli, halafu oili chafu anaimwaga chini anakocheza mwanae. Nawa kwa sabuni, na oili iweke kwenye dumu lenye mfuniko uwape wanaoikusanya. Harufu ikiisha sio kwamba pamekuwa salama, mtoto asichezee pale mpaka pamepimwa.