Je, Wajua Kwa Nini Makosa ya Insha Yako Huonwa Kwanza na Mwenzako?

Umeisoma insha yako mara tano usiku. Asubuhi, kwenye kipindi cha uandishi chuoni, mhadhiri anawaambia mbadilishane karatasi. Mwenzako anaipitia kwa dakika tatu tu, kisha anaweka kidole kwenye mstari wa nne: "Hapa umeandika 'kwa kwa'." Anateremka kidogo: "Na hii aya ya tatu sijajua imetokea wapi." Unashikwa na aibu. Lakini unapoichukua karatasi yake, mambo ni yale yale. Makosa yake unayaona waziwazi, naye anaapa kwamba ameipitia neno kwa neno.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Methali hiyo, hata hivyo, humsuta anayejiona bora kuliko wenzake, na hapa kiburi hakihusiki kabisa. Mwandishi mnyenyekevu naye hupitwa na makosa yake vilevile. Sababu ni mbili. Ya kwanza inahusu namna jicho linavyosoma. Ya pili ni nzito zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifanya kozi ya uandishi istahili muhula mzima.

Tuimalize ile nyepesi. Jicho linaposoma halitambai juu ya mstari herufi baada ya herufi. Hutua mahali kwa takriban robo ya sekunde, huruka, hutua tena. Katika Kiingereza, lugha ambayo usomaji wake umepimwa sana, mruko mmoja huwa wa herufi 7 hadi 9 hivi, na maneno mafupi mara nyingi hayatuliwi kabisa. Mapengo hayo ubongo huyajaza kwa kubashiri. Sasa ni nani awezaye kuibashiri sentensi yako kuliko wewe uliyeitunga? Nakala yake unayo kichwani, na hiyo ndiyo unayoisoma huku ukidhani unasoma karatasi. Ile "kwa" ya pili inapita bila hodi. Ndiyo maana kusoma kwa sauti husaidia: ulimi huenda polepole kuliko jicho na hauruki kwa urahisi. Kubadilisha aina ya herufi nako husaidia, au kuanza na sentensi ya mwisho na kurudi nyuma moja moja hadi ya kwanza. Laiti tatizo lingekuwa hilo tu, kozi ingekwisha kwa wiki moja.

Tatizo kubwa ni la maneno ambayo hayapo kabisa kwenye karatasi.

Mwaka 1990 Elizabeth Newton, wakati huo akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliwapa watu kazi inayofanana na mchezo. Mmoja anagonga meza kwa mdundo wa wimbo unaojulikana na wengi, mwenzake anautambua. Wagongaji walikadiria kwamba karibu nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Kwa mgongaji wimbo ulikuwa ukisikika wote kichwani, ala na sauti na kila kitu, akashangaa mwenzake anakwama wapi. Msikilizaji alichopata ni ko, ko-ko, ko.

Rasimu ya kwanza ni kugonga meza. Chukua mwanafunzi aliyeandika hivi: "Simu zimenyamazisha familia wakati wa chakula. Kwa hiyo shule zifundishe mjadala." Yeye anaona sentensi mbili zinazofuatana vizuri. Msomaji anaona ng'ambo mbili za mto bila daraja. Ukimbana kwa swali, anakueleza: mtoto alikuwa akijifunza kubishana kwa adabu kwa kuwasikiliza watu wazima wakipingana mezani bila kugombana; meza ikinyamaza, somo hilo limekosa mwalimu, hivyo shule ndiyo iliyobaki. Wazo zuri hilo! Pengine ndilo bora kuliko yote aliyo nayo, na ndilo pekee ambalo hakuliandika. Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa ninapokuta "kwa hiyo" mahali pa kutia shaka, nadhani kuna kitu kizuri kimeachwa nyuma yake.

Hapo ndipo waandishi wachanga na wakongwe wanapoachana. Mwaka 1980 mtafiti Nancy Sommers alichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na waandishi wazoefu 20. Kila mmoja aliandika insha tatu na kuziandika upya mara mbili. Wanafunzi walipoambiwa waandike upya, kazi yao kubwa ilikuwa kubadilisha maneno: hili limejirudia, lile halipendezi, weka jingine. Wazoefu walikuwa wakitafuta umbo la hoja. Walihamisha, walikata, waliongeza, na walipokuwa wakifanya hivyo walimfikiria msomaji anayewatazama begani, mkali kidogo, asiyejua wimbo unaopigwa kichwani mwao.

Wanafunzi wale wasilaumiwe. Walifanya walichofundishwa. Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, kama tunavyoijua leo, ina mizizi yake Marekani: Chuo cha Harvard kilianza kuwapima waombaji kwa kuandika insha mwaka 1874, na mwaka 1885 somo hilo likawekwa mwaka wa kwanza. Kwa miongo mingi picha yake ilikuwa ni rundo la karatasi na kalamu nyekundu. Ilipofika miaka ya 1970 ndipo walimu kama Donald Murray walipoanza kusikilizwa waliposema kwamba kinachofaa kufundishwa ni kazi yenyewe ya kuandika, kabla karatasi haijakamilika.

Sasa, msomaji huyo wa begani anapatikanaje? Hazaliwi kwa kuandika sana peke yako. Anakuzwa kwa kusoma, tena kwa namna fulani ya kusoma ambayo shule za chini hazikuidai. Kule ulisoma ili ujue makala inasema nini. Chuoni utaambiwa uchore mistari miwili pembeni: upande mmoja uandike aya hii inasema nini, upande wa pili inafanya nini. Kusema ni rahisi. Kufanya kunatoa jasho. Aya hii inampa mpinzani nafasi kabla ya kumjibu. Ile inatoa mfano ili dai gumu limezeke. Hii nyingine inachelewesha jibu makusudi. Na mara mojamoja utakuta aya ya mwandishi anayeheshimika ambayo haifanyi lolote, ipo tu. Siku hiyo hufurahisha sana.

Ukishazifanyia hivyo makala kadhaa za wengine, geukia rasimu yako mwenyewe kwa kalamu ileile. Utashangaa. Aya mbili zitakuwa zinafanya kazi moja. Moja itakuwa na orodha ya mambo uliyoyasoma ambayo uliona vibaya kuyatupa. Kuna mpito ambao utajaribu kuueleza pembeni ukagundua kwamba maelezo ya pembeni ndiyo yaliyopaswa kuwa ndani.

Mwenzako wa kubadilishana naye karatasi pia hatakiwi kuwa mhariri. Akikuambia "nzuri sana" amekuwa mwema kwako, lakini ni sawa na msikilizaji anayetikisa kichwa kwa ko, ko-ko, ko. Mwombe akuoneshe aliposimama, aliporudi nyuma kusoma tena, na alichotarajia kifuate. Hayo hayahitaji awe hodari kuliko wewe. Anachohitaji ni kitu ambacho wewe huwezi kuwa nacho tena: kutoujua wimbo.

Na ukipata nafasi ya kuangalia sehemu moja tu, angalia aya ya mwisho ya rasimu ya kwanza. Wengi wetu hatujui tunachotaka kusema mpaka tumalize kukisema, kwa hiyo dai lenyewe hujitokeza pale, limechoka, limebanwa baada ya neno "hivyo basi". Likate, lipandishe juu, kisha uone ni aya ngapi kati ya zilizobaki zinalihitaji.