Sampuli ya maji kwa kipimo cha deuteriamu: kwa nini chupa ijazwe hadi kizibo

Maji si yote yenye uzito mmoja. Katika kila atomu milioni moja za hidrojeni kwenye maji ya bahari, takriban 156 ni deuteriamu, yaani hidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Mawingu yakipanda mlima hudondosha kwanza maji mazito, yaani yenye deuteriamu, hivyo mvua ya juu huwa na deuteriamu pungufu kuliko ya bondeni. Kwa alama hiyo wataalamu hufuatilia chemchemi za miguuni pa Kilimanjaro zinalishwa na mvua ya wapi. Matokeo huitwa delta-D, yaani kiasi ambacho deuteriamu ya sampuli imezidi au kupungua ikilinganishwa na maji ya rejea yaitwayo VSMOW (kipimo cha kimataifa cha maji ya bahari), na huandikwa kwa sehemu za elfu.

Sasa, kuandaa sampuli ni kuhakikisha maji yanayofika maabara ni yaleyale yaliyotoka kisimani. Adui mkubwa ni uvukizi. Maji mepesi ndiyo hutangulia kupaa, mazito yakabaki chupani. Ukipoteza asilimia 5 tu ya maji, delta-D inaweza kupanda kwa 4 kwa elfu au zaidi, ilhali mashine nzuri hupima kwa usahihi wa 1 kwa elfu hivi. Na hakuna hesabu itakayokurudishia kwa uhakika kilichopaa.

Kwa hiyo chupa ndogo ya mililita 30 hadi 50 inatosha, ya kioo au ya plastiki ngumu, ilimradi kizibo chake kikaze barabara. Chupa laini ya maji ya dukani siiamini kwa kuhifadhi miezi mingi, kwa sababu mvuke hupenya kuta zake nyembamba. Ijaze pomoni pasibaki hewa, kisha iweke gizani penye ubaridi. Usiigandishe: barafu hutanuka, na chupa iliyojaa itapasuka.

Waliozoea kupima madini hutia asidi kwenye sampuli. Hapa usitie. Asidi hailindi chochote katika kipimo hiki, na inaweza kuharibu mashine. Maji yenye tope yachujwe upesi, bila kuyaacha wazi juu ya meza.

Kwa mvua ya mwezi mzima, chombo cha kukusanyia huwekwa tabaka jembamba la mafuta ya parafini, yale meupe ya maabara, yaelee juu na kuzuia mvuke. Wakati wa kuchota sampuli, mafuta yaachwe nyuma kabisa.