"Mama" si ushahidi wa undugu wa lugha

Kuna dai la siku nyingi: kwa kuwa "mama" lipo Kiswahili, Kirusi na Kiingereza, basi lugha zote zina asili moja, au sisi tumeazima. Si hivyo.

Msikilize mtoto wa miezi saba akiwa na njaa: midomo imefungwa, sauti inatokea puani, mmm, kisha mdomo unafunguka, ma. Sauti za midomo, m, b na p, ni miongoni mwa zile zinazomjia mapema. Yeye hajamtaja mtu. Wazazi ndio wanaoipachika sauti hiyo maana. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza hilo zamani.

Ndiyo maana maana hazifanani. Kwa Wageorgia, "mama" ni baba, na mama mzazi ni "deda". Kwa Kirusi, "baba" ni mwanamke, tena mara nyingi bibi kizee. Kwa Waturuki neno hilo ni baba kama kwetu. Na "dada" wetu? Mtoto wa Kiingereza akilisema, anayegeuka ni baba yake.

Undugu wa lugha hupimwa kwa maneno mengi yanayolingana kwa utaratibu, kama "tatu" yetu na "-thathu" ya Kizulu.